Pombe na Ini katika Buha: Karne Moja ya Dola Kutazama Pembeni

Historia ya pombe nchini Tanzania imezoea kuandikwa kama historia ya sheria, leseni, kodi na utulivu wa umma. Ni nadra kuiona ikiandikwa kama historia ya mwili wa mnywaji. Tunajua mwaka ambao sheria fulani ilitungwa na mwaka ambao kinywaji fulani kilipigwa marufuku, lakini hatujui ni wazee wangapi wa Heru au Muhambwe walizikwa wakiwa na matumbo yaliyojaa maji na macho ya njano. Vifo hivyo havikuandikwa popote kwa jina lake halisi, na jambo lisiloandikwa halipangiwi bajeti.

Makala haya yanahusu nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo, pamoja na Buhigwe na Kakonko zilizomegwa kutoka wilaya hizo mwaka 2012. Hoja yangu ni kwamba tangu ukoloni hadi leo kila serikali iliyotawala Buha imeishughulikia pombe kwa kuuliza maswali ya nguvu kazi, mapato na fujo. Swali la ini halikuulizwa. Katika muda huohuo pombe yenyewe ilibadilika, kutoka kinywaji hafifu cha msimu hadi kinywaji kikali cha kila siku. Pengo kati ya mabadiliko hayo na ukimya wa dola ndilo linalolipwa sasa na familia za wilaya hizo.

Pombe kabla ya boma

Buha ya kale ilikuwa mkusanyiko wa tawala, zikiwemo Heru, Muhambwe na Buyungu, kila moja chini ya mwami wake. Nchi ilikuwa ya vilima, migomba, mtama, ulezi, maharage na ng'ombe, na misitu ya Kibondo ilitoa asali nyingi. Kutokana na mazao hayo ilitengenezwa pombe ya ndizi, ambayo majirani wa Burundi huiita urwarwa na wa Rwanda huiita urwagwa. Ilitengenezwa pia pombe ya nafaka iliyooteshwa kimea, na ile ya asali. 

Ndizi huivishwa, hukamuliwa kwa nyasi, maji yake huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, kisha huachwa yachachuke kwa siku chache. Hamira ya asili hula sukari na kuzalisha alkoholi, lakini nguvu ya pombe ya namna hii kwa kawaida haizidi sana ile ya bia ya kiwandani. Tena haikai. Baada ya siku kadhaa huwa chachu isiyonyweka, kwa hiyo lazima inywewe upesi, na lazima inywewe na watu wengi.

Kutokuhifadhika huko kuliiwekea pombe mipaka ambayo hakuna mfalme aliyeitunga. Pombe ilikuwa ya mavuno, ya posa, ya matanga, ya kumlipa jirani aliyesaidia kulima, na ya kumpelekea mkubwa. Katika mfumo wa ubugabire, ambapo mtu alipewa ng'ombe na kuwa chini ya ulinzi wa mwenye ng'ombe, pombe ilikuwa sehemu ya heshima aliyopelekewa mlinzi huyo. Tusipake rangi ya dhahabu enzi hizo. Yumkini palikuwa na wakubwa waliopelekewa pombe mwaka mzima na waliokunywa mwaka mzima. Lakini mkulima wa kawaida hakuweza kunywa kila siku hata kama angependa, kwa sababu ndizi na nafaka zilikuwa chakula kwanza.

Boma, kodi na mkonge

Katika Mkataba wa Brussels wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia vinywaji vikali katika sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, hati ya udhamini iliyoipa Uingereza Tanganyika iliitaka serikali hiyo idhibiti vikali uuzaji wa pombe kali, na agizo hilo liliwekwa pamoja na lile la kudhibiti silaha. Mpangilio huo unaeleza mengi. Pombe ilihesabiwa kuwa hatari ya aina moja na bunduki, yaani hatari kwa utawala. Mwafrika alizuiwa vinywaji vikali vya Ulaya kwa sehemu kubwa ya ukoloni, na Mzungu aliruhusiwa. Kama hofu ingekuwa ni ini, marufuku ingeanza na klabu za maofisa, maana ini la Mzungu na la Mwafrika huungua kwa moto uleule.

Kwa Buha, hata hivyo, badiliko kubwa halikuletwa na sheria hizo. Lililetwa na njia ambayo fedha iliingia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Wabelgiji waliishika Buha kuanzia 1916 hadi 1921, kisha wakaikabidhi kwa Waingereza. Waingereza walidai kodi kwa fedha taslimu katika nchi ambayo haikuwa na zao kubwa la biashara. Jibu lilikuwa mkonge. Vijana wa Kiha walikwenda Tanga na Morogoro kwa maelfu kuwa manamba, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, ambayo Kigoma ilikuwa mojawapo ya vyanzo vyake vikuu. Huko Kibondo, kampeni ya kupambana na malale katika miaka ya 1930 ilikuwa imewahamisha watu kutoka makazi yao yaliyotawanyika na kuwakusanya pamoja.

Manamba alikwenda mahali ambapo pombe ilinunuliwa kwa mshahara, si kwa ujirani. Aliporudi alikuwa na fedha mkononi na desturi mpya ya kuitumia. Mke aliyebaki nyumbani naye alihitaji fedha ya chumvi, nguo na baadaye ada ya shule, na bidhaa aliyoweza kuizalisha kwa ujuzi wake mwenyewe ilikuwa pombe. Hivyo kinywaji kilichokuwa cha kugawiwa kikawa cha kuuzwa. Mamlaka za wenyeji nazo zikaona fursa: pombe ikapangiwa mahali pa kuuzwa, saa za kuuzwa na ada ya kuuzia. Tangu siku ile ofisi ya serikali na mnywaji zikawa na maslahi yanayofanana, kwamba pombe iendelee kuuzwa mradi isilete ugomvi.

Mwanahistoria Justin Willis, katika kitabu chake Potent Brews cha mwaka 2002, ameonyesha kwa upana jinsi mamlaka juu ya pombe yalivyokuwa mamlaka juu ya watu katika Afrika Mashariki: nani anywe, wapi, lini, na kwa ruhusa ya nani. Ninachoongeza hapa ni kwamba katika mabishano hayo yote ya mamlaka, ini la mnywaji halikuwa na msemaji.

Kutoka mtungi hadi moshi

Badiliko la pili lilikuwa la nguvu ya kinywaji. Kuchachua kuna kikomo chake, kwa kuwa alkoholi ikizidi hamira hufa. Kuchemsha pombe iliyochacha na kukamata mvuke wake huvunja kikomo hicho. Kinywaji kinachopatikana, ambacho sheria zetu hukiita moshi na wananchi hukiita gongo, kinaweza kuwa na nguvu mara saba au nane ya pombe ya ndizi. Zaidi ya hayo, gongo haichachi. Inahifadhika, inabebeka katika chupa ndogo, inafichika na inauzwa kwa kikombe. Mipaka ile ya asili, yaani msimu, wingi wa watu na ulazima wa kumaliza mtungi, yote iliondoka kwa mara moja.

Serikali huru haikuwa kipofu kwa jambo hili. Bunge lilitunga Sheria ya Moshi mwaka 1966 na Sheria ya Vileo mwaka 1968. Ya kwanza ilihusu uchemshaji wa moshi. Ya pili iliweka leseni, saa na madaraja ya maduka ya pombe. Wilayani, utekelezaji ulikuwa misako ya polisi, kumwaga mapipa na faini kwa akina mama. Kisha Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, miongoni mwa operesheni za kwanza za kuhamishia watu vijijini, iliwaleta wakulima pamoja. Vijiji vilileta shule na zahanati, lakini vilileta pia soko la karibu. Mnywaji ambaye zamani alipanda vilima viwili kufuata mtungi wa jirani sasa aliupata hatua chache kutoka mlangoni.

Baadaye vilikuja viroba, pombe kali katika vifuko vya plastiki, bei yake ya sarafu chache. Mwezi Februari 2017 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku, na ikaanza kutekelezwa tarehe 1 Machi mwaka huo. Sababu zilizotajwa zilikuwa vijana na wanafunzi, ukwepaji wa kodi na uchafuzi wa mazingira. Zote zilikuwa sababu za haki. Lakini hata pale, ilipopatikana nafasi adimu ya kulieleza taifa zima kuhusu pombe kali, mjadala uliishia kwenye kifuko zaidi kuliko kwenye kilichomo. Chupa ndogo zilichukua nafasi ya kifuko, na gongo haikuwa na kifuko tangu awali.

Kinachotokea ndani ya mwili

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na ndilo linalobeba zaidi ya asilimia 90 ya kazi ya kuvunja alkoholi. Kimeng'enya cha kwanza huigeuza alkoholi kuwa asetaldehaidi, sumu kali kuliko alkoholi yenyewe. Kimeng'enya cha pili huigeuza asetaldehaidi kuwa asetati, ambayo mwili huweza kuitumia. Kazi hii ina kasi yake, nayo haiharakishwi na kahawa, maziwa, supu wala usingizi. Kwa makadirio ya kawaida ini huondoa gramu 7 hadi 10 za alkoholi kwa saa.

Sasa tufanye hesabu. Nusu lita ya bia yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20. Lita moja ya pombe ya ndizi yenye nguvu hiyohiyo ina takriban gramu 40. Mililita 100 za kinywaji chenye asilimia 40, yaani kikombe kidogo tu cha gongo kali, zina zaidi ya gramu 30. Mtu anayemaliza lita tatu za pombe ya ndizi jioni analipa ini lake kazi ya saa 12 hadi 17. Akianza tena kesho yake jioni, ini halipati hata siku moja ya kupumzika. Tafiti nyingi huonyesha hatari ikipanda kwa wazi kwa wanaume wanaokunywa zaidi ya gramu 40 hadi 60 kila siku kwa miaka kumi au zaidi. Kwa wanawake kiwango hicho ni cha chini zaidi.

Madhara huja kwa hatua. Kwanza, uvunjaji wa alkoholi huvuruga kemia ya seli hata zikaanza kulimbikiza mafuta badala ya kuyachoma. Karibu kila mnywaji mzito hufikia hatua hii, na karibu wote hawahisi chochote. Ini lenye mafuta linaweza kurudi katika hali yake ndani ya wiki chache mtu akiacha. Hatua ya pili ni uvimbe wa ini. Asetaldehaidi hujishikiza kwenye protini za seli, na alkoholi hulegeza ukuta wa utumbo hivi kwamba sumu za bakteria hupita na kufuata mshipa uendao moja kwa moja kwenye ini. Askari wa mwili huzikabili sumu hizo, na vita vyao huumiza seli za ini zenyewe. Hatua ya tatu ni makovu. Seli fulani, zikichokozwa kwa miaka, hufuma nyuzinyuzi ngumu mahali palipokuwa na seli hai. Makovu yakienea ini zima, likawa gumu lenye vinundu, tabibu huita hali hiyo sirosisi.

Hapo ndipo dalili ambazo kila kijiji kinazijua hutokea. Damu iliyozoea kupita ndani ya ini laini hukuta ukuta. Inatafuta njia za pembeni, mishipa ya umio inavimba, na siku moja inapasuka. Mgonjwa anatapika damu. Maji yanajaa tumboni, miguu inavimba, bandama inakua. Ini lisiloweza kuchuja rangi ya nyongo huyafanya macho kuwa ya njano. Sumu zisizochujwa hupanda kwenye ubongo; mzee aliyekuwa mpatanishi wa ukoo huanza kuchanganya mchana na usiku. Wengine hupata saratani ya ini. Inakadiriwa kwamba kati ya kila wanywaji wazito kumi, mmoja hadi wawili hufikia sirosisi. Uwiano huo ndio unaoutilia watu shaka, maana kila mtu anamjua babu aliyekunywa hadi miaka 85. Yupo kweli. Lakini kumtaja yeye peke yake ni kuwahesabu waliovuka mto na kuwasahau waliozama.

Utabibu nao ulichelewa

Tusiwalaumu wananchi kwa kutoliona ini, wakati utabibu wenyewe ulichukua muda mrefu. Mwaka 1793 daktari Matthew Baillie wa London alieleza uhusiano wa ini gumu na unywaji mwingi. Mwaka 1819 Mfaransa René Laennec aliupa ugonjwa huo jina la sirosisi, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya rangi ya hudhurungi-manjano. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari wengi waliamini kwamba pombe haiharibu ini yenyewe, bali mlevi hudhurika kwa kutokula vizuri.

Imani hiyo ilikuwa na uzito wa pekee Afrika. Madaktari wa kikoloni waliona maini yaliyoharibika kwa wingi, na utapiamlo, hasa kwashakoo ya watoto, ukawa maelezo ya karibu kila kitu. Ilichukua majaribio ya Charles Lieber na wenzake huko Marekani katika miaka ya 1970 kuonyesha kwamba nyani waliolishwa chakula kamili pamoja na alkoholi walipata ini lenye mafuta na wengine wakafikia sirosisi. Chakula kizuri hakikuwaokoa. Katika muongo huohuo Werner Lelbach wa Ujerumani alionyesha kwamba hatari hupanda kulingana na kiasi anachokunywa mtu kwa siku na idadi ya miaka aliyokunywa. Ushahidi wa kijamii ulikuwapo hata kabla ya hapo: mvinyo ulipokuwa adimu Paris wakati wa Vita Kuu ya Pili, vifo vya sirosisi vilishuka kwa kasi, mvinyo uliporudi, vilipanda tena.

Lakini pana jambo ambalo wahubiri wa kupinga pombe huliacha. Katika Afrika Mashariki si kila ini gumu limeharibiwa na pombe. Mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake walitangaza ugunduzi uliokuja kufungua njia ya kukijua kirusi cha homa ya ini aina ya B, ambacho kimeenea sana katika ukanda wetu na mara nyingi huambukizwa utotoni kimyakimya. Kichocho cha tumbo, kinachopatikana pembezoni mwa maziwa na mito, huziba mishipa ndani ya ini na kuleta tumbo kubwa na kutapika damu kwa mtu asiyeonja pombe maishani. Sumukuvu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya hudhuru ini na kuchochea saratani. Mlipuko wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara ulitukumbusha hilo kwa vifo.

Kwa hiyo mwanamke Mwadventista wa Buhigwe anayekufa kwa sirosisi hastahili kunong'onezewa kwamba alikuwa akinywa kwa siri. Na mwanaume mwenye kirusi cha homa ya ini asiyejijua, akinywa kila jioni, anabeba hatari mbili zinazozidishana. Mtu huyo wa pili ndiye ninayemhofia zaidi. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini aina ya B mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao leo ndio wakulima, walimu, madereva na watendaji wa vijiji, walikua bila kinga hiyo.

Sumu, mchawi na mtungi

Mahali ambapo tabibu hakutoa jina, jamii ilitoa lake. Katika ukanda wa Maziwa Makuu kuna desturi ya kale ya mwenyeji kuonja pombe kwanza kabla ya kumpa mgeni, ili kumhakikishia kwamba haina sumu. Hofu ya kulishwa kitu ni ya kweli katika jamii hizi, na ina mantiki yake: ugonjwa unaokuja polepole, unaovimbisha tumbo, unaokausha mikono na kumfanya mtu atapike damu, unafanana sana na kazi ya sumu iliyotiwa na adui. Kwa namna fulani wazee hawakukosea. Ilikuwa sumu kweli, na ilipitia mtungini. Kilichokosewa ni mtiaji.

Kosa hilo si la kuchekesha. Likisemwa kwamba mtu amelogwa, lazima apatikane mlozi, na mara nyingi hupatikana mjane mzee, jirani aliyegombana na marehemu juu ya mpaka wa shamba, au mke mwenza. Mkoa wa Kigoma umeshuhudia, hata katika miaka ya karibuni, vikundi vya wasaka wachawi vijulikanavyo kama kamchape vikipita vijijini, vikitoza watu fedha na kuacha nyuma yake uhasama na vurugu. Sisemi kwamba kila tuhuma ya uchawi chanzo chake ni ini. Ninasema kwamba kila kifo kisichopewa sababu ya kitabibu ni nafasi iliyoachwa wazi, na yupo daima mtu aliye tayari kuijaza.

Makanisa nayo yalikuwa na jibu lake. Misheni zilizojenga hospitali kama Kabanga na Heri zilileta dawa na pia mahubiri. Pale ambapo pombe ilikatazwa kabisa, ilikatazwa kama dhambi. Mahubiri hayo yamewaokoa wengi, na mwanahistoria mwaminifu lazima akiri hilo. Lakini lugha ya dhambi ina gharama yake: mtu anayeona aibu haendi hospitali mapema. Humwambia muuguzi kwamba anaumwa tumbo na kuificha chupa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na ini ndilo gwiji wa kuficha maradhi, kwa kuwa linaweza kuendelea kufanya kazi huku sehemu yake kubwa imekwisha kuharibika.

Tuwaulize nini walio ofisini?

Wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, na wengine ni wanafunzi watakaokuwa watumishi kesho. Kwa hiyo nimalizie na mambo yaliyo ndani ya uwezo wa halmashauri na hospitali za wilaya bila kungoja sera mpya kutoka Dodoma.

Jambo la kwanza ni kumbukumbu. Mgonjwa mwenye maji tumboni aulizwe kwa upole anakunywa nini, kiasi gani na kwa miaka mingapi. Apimwe homa ya ini. Aulizwe alipoishi na maji aliyooga. Majibu yaandikwe. Kifo chake kikija, kiandikwe kwa sababu yake, na mtendaji wa kijiji apokee maelezo yanayoeleweka ya kuipa familia. Karatasi hiyo moja inaweza kumlinda bibi kizee asiye na hatia.

Jambo la pili ni kutenganisha pombe hafifu na pombe kali katika utekelezaji wa sheria. Mama anayeuza pombe ya ndizi kwa ajili ya sare za watoto hayuko sawa na mtandao unaosambaza gongo kwa madumu. Tukiwapiga wote kwa fimbo moja, tunamsukuma mama yule aende kwenye moshi, kwa sababu moshi ni rahisi kuuficha na una faida kubwa kwa ujazo mdogo. Ndivyo misako ilivyofanya kazi kwa miongo mingi: iliadhibu mtungi na kuifundisha chupa kujificha. Wakati huohuo tusisahau kwamba gongo ina hatari nyingine. Ikichanganywa na methanoli hupofusha na kuua ndani ya siku chache, kama ilivyotokea Mukuru, Nairobi, mwezi Novemba 2000, walipokufa zaidi ya watu mia moja.

Jambo la tatu linahusu kambi. Tangu miaka ya 1990 Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kutoka Burundi na Kongo, na Nyarugusu na Nduta zimekuwa miji isiyo na jina la mji. Ni rahisi kusikia kwamba ulevi uliletwa na wakimbizi. Historia niliyoieleza inakataa: gongo na soko lake vilikuwa vimekwisha kukita mizizi. Kilicho kweli ni kwamba mtu anayekatazwa kulima na kufanya biashara nje ya kambi ana saa nyingi zisizo na kazi, na mwanamke anayegeuza sehemu ya mgao wa mahindi kuwa pombe anafanya kile ambacho mwanamke wa Kiha alifanya enzi za manamba. Elimu ya ini inayotolewa kijijini ivuke uzio wa kambi, na inayotolewa kambini ifike kijijini.

Jambo la nne ni mapato. Ada za leseni za vileo ni chanzo halali cha fedha za halmashauri. Swali ambalo diwani yeyote anaweza kulisimamisha katika kikao ni hili: katika fedha tuliyokusanya kutoka kwa wanywaji mwaka huu, ni shilingi ngapi zimerudi kwao kama kipimo cha homa ya ini, ushauri nasaha, au kitanda cha mgonjwa? Mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kupunguza unywaji wenye madhara ulipitishwa mwaka 2010. Hauhitaji kutafsiriwa upya ili diwani aulize swali hilo.

Na kwa mnywaji mwenyewe, au kwa ndugu yake anayesoma haya akifikiria mtu wa nyumbani, kuna habari moja ambayo misako na mahubiri havikuifikisha. Ini husamehe kwa muda mrefu. Hatua ya mafuta hurudi nyuma, uvimbe unaweza kutulia, na hata mwenye makovu akiacha leo huongeza miaka ya kuishi kuliko anayeendelea. Ila asiache ghafla peke yake aliyezoea kunywa sana kila siku kwa miaka, maana kutetemeka, degedege na kuchanganyikiwa vinaweza kumpata. Aende kwa mganga wa zahanati amsimamie. Asimeze vidonge vya panado kiholela kwa ajili ya maumivu ya asubuhi, kwa kuwa ini lililochoshwa na pombe hudhurika navyo kwa urahisi zaidi. Na akapimwe homa ya ini.

Karne nzima dola imeingia katika nyumba za pombe za Buha kuhesabu mapipa, kukusanya ada na kukamata watu. Ni wakati sasa muuguzi naye abishe hodi, na akikaribishwa aulize swali ambalo mkaguzi hakuwahi kuliuliza: mzee wangu, hali yako ikoje?